Lois na Lenzi ya Kuzungusha kwa Mkono

Pale Garsen ukimuulizia Lois Buya, wengi watakuuliza nao: "Lois yupi?" Sema Lois wa Picha, utaonyeshwa kibanda cha mabati ya buluu karibu na stendi, kati ya duka la dawa za mifugo na meza ya mahamri ya Rachael. Ndani mna kiti kimoja, pazia jeupe la picha za pasipoti, mashine ya kutoa kopi, na feni inayozunguka inapojisikia.

Lois alizaliwa Kilelengwani, kwa wakulima wa mpunga na ndizi. Mama yake husema mtoto huyu alianza kuuliza kabla hajaanza kutembea. Alipokuwa msichana mdogo aliifungua redio ya baba yake, akitaka kuona sauti inakaa wapi. Aliirudisha vizuri, redio ikaendelea kusema, na bado alichapwa.

"Nilichapwa," husema akicheka, "lakini nilikuwa nimeshaona."

Kazi ya picha ilimjia bila kuitafuta. Alikuwa anangoja kuingia chuo, binamu yake mmoja akamwachia kikamera kidogo ajishughulishe nacho. Chuo hakikutokea, kamera ikabaki. Mwaka hata mwaka akapanda, mpaka akanunua Mombasa kamera ya mtumba, lakini ya kisasa, ile ambayo ukiielekeza kwa mtu inachora kiboksi cha kijani juu ya jicho lake na kumfuata kokote anakogeuka. Mpigaji kazi yake ni kubonyeza tu. Kwa kamera hiyo Lois alipata sifa. Kwa kuwa ni mwanamke, nyumba za Waislamu zilimwita kupiga picha za upande wa wanawake. Kwa kuwa anaimba kwaya, makanisa nayo yalimwita.

Basi baada ya mafuriko ya mwisho, tope lilipokauka likawa vumbi, lenzi ya kamera ile ikaanza kulia. Ilikuwa inasaga ndani kama mtu anayetafuna punje za mchanga kwenye wali. Lois aliisafisha kwa nje, akaipuliza, akaiombea. Siku aliyokwenda Kipini kwenye harusi, ikakwama kabisa. Kiboksi cha kijani kilitokea juu ya jicho la bibi harusi, lakini kioo kilikataa kusogea. Kilionyesha wazi kitu kilicho umbali wa mikono miwili, na kingine chochote kikawa moshi.

Lois hakuwa na la kufanya ila kusogea yeye. Mtu akiwa mbali alimfuata, mtu akiwa karibu alirudi nyuma. Alikwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, kijasho kikimtoka chini ya leso, mpaka kina mama wa Kipini wakaanza kumcheka.

"Mpiga picha gani huyu," mmoja akasema, "au naye acheza chakacha?"

Alipopata nafasi alitoka uani kupumua. Huko alimkuta mama mtu mzima ameketi kwenye mkeka, kofia ya kushona kwa mkono magotini. Alikuwa anatia sindano, anasimama, anainua kitu cheusi cha duara na kukiweka jichoni, anatazama kofia, kisha anatia sindano tena. Lois alisahau uchovu wake.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Umechoka kucheza?"

"Nimechoka, Bi. Samahani, hicho ulichoshika ni nini?"

"Hiki?" Mama yule, ambaye jina lake ni Bi Mwanakombo, na ambaye jicho kwake ni jito, alikigeuza mkononi. "Hili ni jito la marehemu mume wangu. Zamani alikuwa mpiga picha papa hapa Kipini, wakati ofisi za serikali zingalipo. Kamera yenyewe ililiwa na chumvi. Hiki ndicho kilichosalia. Mato yangu siku hizi hayaoni matundu ya kofia, lakini nikiweka hiki nayaona kama visima."

Alimpa akishike. Kilikuwa lenzi, lakini Lois hakuwahi kushika lenzi kama ile. Ilikuwa ndogo, na nzito kama jiwe la mizani, chuma kitupu na kioo. Hapakuwa na waya wala shaba za kugusana na kamera. Palikuwa na pete pana yenye mikato, na alipoizungusha ilikwenda polepole, laini, kama imepakwa asali, na kioo kikatoka mbele kidogo kidogo. Nyuma yake kulikuwa na pete nyingine, nyembamba, iliyolia tak, tak, tak. Alipochungulia ndani aliona majani membamba ya chuma yakijifunga na kujifungua kama jicho la paka. Jina la kiwanda lilikuwa limefutika kwa kushikwashikwa.

"Bi, naomba uniazime. Nataka kujua inaona nini."

"Na kofia yangu niishone kwa jito gani?"

Lois alimrudishia. Lakini alirudi Garsen akiwa na swali, na swali likimwingia Lois halimtoki. Alikwenda kwa Martin, fundi wa simu aliye na kibanda upande wa pili wa barabara, mtu anayetengeneza vitu vidogo kuliko punje ya mtama. Martin alikuwa na kioo cha kukuzia chenye mguu wa kupindapinda na taa pembeni, cha akiba, na Lois akakichukua mpaka Kipini. Bi Mwanakombo akakiweka juu ya kofia, akawasha taa, akazima, akawasha tena.

"Hiki kina taa," akasema mwishowe. "Marehemu hakuwa na taa. Haya, chukua jito lako. Lakini ujue ni jivivu. Watu walikuwa wakimlalamikia mume wangu kila siku. Azungusha, azungusha, na mtu amekaa kitini na tabasamu lake mpaka uso umemshuka."

"Na yeye alikuwa akiwaambiaje?"

"Alikuwa akisema, 'Nangoja ushuke.'" Bi Mwanakombo akakata uzi kwa meno. "Sikujua maana yake. Nikimuuliza alikuwa akicheka."

Lenzi ile mkia wake ulikuwa na hesi, ya kukazwa kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa, na kamera ya Lois haikuwa na mdomo wa namna hiyo. Mwenye duka mmoja wa Nairobi alipotumiwa picha yake alijibu kwamba iko pete ya katikati, adapta, upande mmoja hesi na upande mwingine mdomo wa kamera. Lois akaiagiza, na ilipofika kwa basi aliifunga palepale kwenye kaunta ya kibanda. Kamera ikamwambia haina lenzi na ikakataa kupiga. Aliingia kwenye mipangilio, akapekua mlango baada ya mlango, mpaka akapata mahali pa kuiruhusu ipige hata kama haioni lenzi. Akabonyeza. Ikapiga.

Mtu wa kwanza kukaa mbele ya lenzi ile alikuwa Rachael wa mahamri. Hakukuwa na kiboksi cha kijani tena. Lois alizungusha pete huku akitazama kwenye kioo cha nyuma, na uso wa Rachael ukatoka kwenye ukungu kama mtu anayetoka mtoni, ukawa wazi, kisha ukazama tena. Alirudisha, akapitiliza, akarudisha. Picha ilipotoka Rachael aliishika mbali na uso.

"Lois, umepiga pua yangu."

Kweli. Pua ilikuwa wazi mpaka vinyweleo, na macho nyuma yake yalikuwa moshi. Lois hakukasirika. Alitaka kujua ni kwa nini. Alitumia mchana wa siku nyingi, wateja walipokuwa wachache, akipanga chupa za soda kwa mstari juu ya kaunta na kuzipiga. Aligundua kwamba majani ya chuma yakifunguka kabisa, mahali panapoonekana wazi ni pembamba kama ukucha, na yakifungwafungwa panapanuka, chupa moja, mbili, tatu. Aligundua pia kwamba kamera yake ya kisasa ilikuwa na msaada ambao hakuwahi kuuhitaji. Ungeweza kuiambia ipake rangi nyekundu ukingoni mwa kila kitu kilicho wazi, na ukizungusha pete, wekundu ule unatembea juu ya vitu kama mstari wa siafu.

Kitu kimoja kilimsumbua. Akipiga kuelekea mlangoni penye mwanga, picha ilifunikwa na weupe. Aliishika lenzi juani na kuchungulia, akaona ndani ya kioo nyuzinyuzi nyeupe zilizotawanyika kama mizizi ya mpunga.

"Hiyo ni kuvu," Martin akasema. "Hewa ya huku ina maji. Hata simu zinaota kuvu. Tuifungue?"

"Unajua kuifungua?"

"Sijui. Wewe je?"

"Sijui."

Wakatazamana, wakaanza kucheka, na wakaifungua. Pete ya mbele ilikataa bisibisi, haikuwa na pa kuishika. Martin alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakibandika kwenye kifuniko cha dawa, akakandamiza na kuzungusha, nayo ikalegea. Kila kioo kilichotoka Lois alikilaza kwenye kitambaa kwa namna kilivyokuwa kimelala, juu juu, chini chini, akakipiga picha kwa simu kabla ya kukigusa. Wakafuta kuvu kwa pamba na spiriti. Kwenye kioo kimoja mizizi ile ilikuwa imeshakula, ikaacha alama nyembamba isiyotoka. Wakaiacha. Lois anasema alipokirudisha kioo cha mwisho alijisikia kama ile siku ya redio, isipokuwa safari hii hapakuwa na wa kumchapa.

Ni hapo, baada ya kuvu kutoka, ndipo alipoliona jambo la uso. Rachael alikuwa amekaa tena, ametabasamu kama wanavyotabasamu watu wote wakiambiwa wapigwe picha. Lois akazungusha. Tabasamu likakaa, likachoka, likaning'inia pembeni mwa mdomo, kisha likaanguka. Rachael akageuza macho kuelekea meza yake nje, na uso wake ukawa uso ambao Lois humwona nao kila asubuhi ila hakuwahi kumwona nao kwenye picha. Akabonyeza.

"Futa hiyo," Rachael akasema alipoiona. "Kama nimefiwa."

"Ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa nafikiria kama nimefunika unga."

Lois hakuifuta. Aliitazama kwa muda mrefu, na yale maneno ya marehemu wa Kipini yakamrudia: nangoja ushuke.

Wakati huo hakuwa na lenzi nyingine, na harusi ya Valary ilikuwa imekwisha kupangwa. Valary alikuwa binti wa watu wa Minjila, anaolewa kanisani. Lois alikuwa amezoea kuzungusha kwa watu waliokaa, akajiambia na wanaotembea atawaweza.

Hakuwaweza. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi, mwanga umejaa nyuma ya bibi harusi, na Valary alikuja akitembea kwa mwendo wa wimbo. Lois akamlenga, na kabla kidole hakijabonyeza Valary alikuwa ameshapita. Akazungusha mbele kumngojea, Valary akasimama kidogo. Wekundu wa kamera ulikimbia kwenye benchi, kwenye maua, kwenye kofia za akina baba, kila mahali ila kwenye uso uliotakiwa. Alibonyeza na kubonyeza. Aliporudi Garsen na kuzifungua picha kwenye kompyuta, alizipitia moja moja. Keki ilikuwa wazi. Wazazi wamepiga foleni, wazi. Lakini bibi harusi akiingia kanisani hakuwa wazi hata kwenye picha moja. Kwenye mojawapo, shela lake lilikuwa wingu jeupe linalopita mbele, na nyuma ya wingu hilo, kwenye benchi, mama yake Valary alionekana wazi kabisa, hata uzi wa kitambaa chake. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, akitazama chini, miguuni pa mwanawe.

Lois angeweza kuzituma picha kwa simu na kungoja maneno. Alizichapa, akazipeleka mwenyewe.

Walikaa barazani, Valary, mama yake na Lois. Valary alizipitia haraka, akarudi nyuma, akazipitia tena.

"Dada Lois, niko wapi nikiingia?"

"Hizo hapo. Zimenishinda. Nimekuja kukuambia mwenyewe, zimenishinda."

"Mimi ni ukungu!" Valary alisimama. "Siku ya harusi yangu, kanisa zima linaonekana, mimi ni ukungu! Kamera yako ile nzuri ilienda wapi?"

Lois alimweleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo maelezo yalivyosikika mabaya masikioni mwake mwenyewe. Lenzi ya zamani. Ya kuzungusha. Valary akamtupia ile picha ya wingu.

"Na hii ndiyo nini? Umempiga Mama."

Mama yake aliichukua. Aliiweka mapajani, akaitazama. Valary, ambaye bado alikuwa na hasira, akainama juu ya bega lake, na hasira ikaanza kupungua kwa kuwa na yeye alikuwa ameuona ule mkono mdomoni.

"Mama. Ulikuwa unaangalia nini?"

"Miguu yako."

"Viatu?"

"Miguu." Mama akainua kiganja kumwonyesha. "Ulikuja ukiutupa ule wa kushoto nje kidogo, hivi. Nyanya yako alikuwa anatembea hivyo hivyo. Tulikuwa tunamjua kwa mbali shambani kwa mguu ule. Mimi nimekulea, nimekuona ukitembea miaka yote hii, sijawahi kuuona mguu wake kwako. Siku ile ndio nikauona. Nikasema, huyu anaingia na mama yangu."

Nyanya alikufa kabla Valary hajazaliwa. Hakuna aliyewahi kumpiga picha. Valary aliteremka barazani, akatembea mpaka kwenye mti wa mpapai na kurudi, macho chini, akijaribu kuuona mguu wake. Haukuonekana. Mtu akijitazama anatembea vingine. Akajaribu tena kwa haraka zaidi, na mama yake akacheka na kupangusa machozi kwa wakati mmoja.

Sitasema Valary alifurahi, maana hakufurahi. Picha ya kuingia aliitaka, na haki yake ilikuwa ni hiyo. Siku ya kazi walikwenda tena kanisani, yeye kavaa shela, mlango ukafunguliwa, akasimama tuli mlangoni na Lois akazungusha mpaka akampata. Lakini ile ya wingu aliiomba pia, na mama yake akataka yake kando.

Baada ya hapo Lois alinunua lenzi nyingine ya kujilenga yenyewe. "Bibi harusi hangoji," anasema, na hajapeleka tena lenzi ya Kipini harusini. Ile hukaa kibandani, na wateja wameijua. Mtu akitaka picha ya pasipoti anapigwa na ile ya haraka. Akitaka picha ya kukaa nayo, Lois humuuliza ana muda kiasi gani. Wengi hawana. Wachache huketi, hutabasamu, huchoka, hushuka.

Mmoja aliyekuwa na muda ni Gumato, mama wa Kiorma anayeleta maziwa Garsen asubuhi. Yeye hakutaka picha ya kibandani. Alitaka kupigwa na ng'ombe wake, na alasiri moja Lois akaenda naye malishoni, nje ya Minjila, majani yakiwa bado mabichi na maji yamesimama mabondeni. Lois akaanza kuzungusha. Gumato akamtazama, akachoka kumtazama, akaja.

"Hiyo iko nini wewe nazungusha?"

"Hapa, Mama. Ukienda huku, walio mbali wanaonekana. Ukirudi huku, walio karibu."

"Leta mimi naangalia."

Lois akamvisha mkanda shingoni. Gumato akashika pete kwa vidole viwili na kuizungusha polepole. Nyasi zikatokea, zikazama. Pembe zikatokea. Ndege yangeyange aliyekuwa mgongoni mwa ndama akatokea. Akaendelea kuzungusha mpaka kila kitu kikapotea, ng'ombe wote wakawa madoa, mekundu, meupe, meusi, yanayoelea kwenye kijani. Lois akanyoosha mkono amsaidie kurudisha.

"Wacha," Gumato akasema. "Wacha hivyo."

Alitazama kwa muda mrefu.

"Mama yangu macho yake ilikuwa imefunikwa na weupe. Mimi nauliza, mama, wewe naona nini? Yeye nasema, naona ng'ombe imekuwa maua. Mimi nafikiri ni maneno ya mzee tu." Akazungusha kidogo sana, akarudisha. "Hii ni kitu gani napiga?"

Lois akamwonyesha kitufe. Gumato akabonyeza.

Picha hiyo Lois aliichapa kubwa, jinsi ilivyo, na asubuhi ya pili Gumato aliifuata kibandani, akaweka mtungi wa maziwa chini na kuiinua mlangoni penye mwanga. Rachael alitoka mezani kwake kuja kuona, akasema haoni chochote. Gumato akaweka kidole kwenye doa jekundu.

"Huyu ndio mwenye pembe imepinda," akasema. "Huyu nyeupe napiga teke. Na huyu, mtoto wake."